Mrejesho: ukanda wa nje uliokuwa ukibanduka kwenye gari langu

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza nifanye nini na gari langu hapa Marekani, ambalo ukanda wa nje ulio kando ya kioo cha mbele ulikuwa umeanza kubanduka. Nilifuata ushauri wa kuingiza namba ya utambulisho wa gari, ile yenye herufi na tarakimu 17, kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama barabarani, na ikaonekana kwamba mtengenezaji ameyaita magari ya aina hii yarudishwe kurekebishwa kwa hitilafu hiyohiyo. Karani wa wakala wa mtengenezaji alitaka kunitoza gharama za ukaguzi, lakini nilipomweleza, kama mlivyonielekeza, kwamba kisheria matengenezo haya ni bure kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza, alikubali.

Upande wa dereva umebadilishwa na umeshika imara. Wa abiria unasubiri kipuri. Fundi ameuondoa kabisa usije ukamrukia mwendesha pikipiki aliye nyuma, jambo lililokuwa likinitia hofu kuliko yote.

Dai langu la kurudishiwa fedha nilizolipa awali gereji ya mtaani limekataliwa, kwa kuwa risiti haikutaja sehemu iliyotengenezwa. Mwenye tatizo kama hili aombe risiti iliyoandikwa kwa ukamilifu.