Kocha aliyemchukua mwanangu amehamia chuo kikubwa: amfuate, abaki, au aingie potali?

Mama wa Iowa

Salamu kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Naona humu kuna ndugu wengi wa huku Marekani, na wengine watoto wao wanacheza. Nina jambo linaninyima usingizi.

Kijana wangu yuko mwaka wa pili chuoni. Anacheza futiboli ya Kimarekani upande wa ulinzi, wale wa pembeni wanaomkimbiza kwotabeki, yule mrusha mpira. Tulipotoka kambi ya Nyarugusu alikuwa mdogo, mpira aliokuwa anaujua ni ule wa miguu. Huu mwingine ameujulia sekondari hapa Iowa, akaupenda, ukampatia ufadhili wa masomo, chakula na malazi. Chuo chake si kati ya vile vinavyoonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi, lakini kinacheza daraja la kwanza.

Kocha mkuu alikuja mwenyewe nyumbani kumwomba. Alivua viatu mlangoni, akanawa, akala ugali na sombe kwa mkono, akamwambia mume wangu kwamba mtoto atakuwa chini ya macho yake mpaka siku atakayovaa joho. Neno hilo ndilo lililotufanya tukubali, maana vyuo vingine vilikuwa vinamtaka pia. Sasa Desemba hii ya 2025 ametangazwa kuwa kocha wa chuo kikubwa. Kijana aliiona habari kwenye simu kabla hawajaitwa kikaoni. Kikao chenyewe hakikumaliza hata robo saa.

Juzi kocha wake wa zamani wa sekondari amepigiwa simu na msaidizi wa yule kocha. Ujumbe ni huu: "Kijana aingie potali, nafasi ipo na pesa ipo." Potali ndiyo ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Baba yake anasema aende, bahati haibishi hodi mara mbili. Mimi naogopa. Mtoto anasomea uhandisi wa umeme na anafanya vizuri. Kocha mpya ameshatangazwa ila hatumjui.

Nimesoma kocha anavyolipwa huko aendako, nikashindwa kuelewa. Yeye ana mkataba wa mamilioni unaomlinda. Mwanangu analindwa na nini? Nisaidieni jamani.

Zamani Beki

Shikamoo mama, na pole. Nilicheza ngazi hiyo hiyo, kocha wangu naye aliondoka, kwa hiyo nakuelewa.

Kwanza usimwone kijana wako kama ameonewa peke yake. Kocha Nick Saban alipostaafu chuo cha Alabama Januari 2024, Alabama ilimchukua Kalen DeBoer kutoka Washington. Washington ikamchukua Jedd Fisch kutoka Arizona. Arizona ikamchukua Brent Brennan kutoka San José State. Mzee mmoja amestaafu, vyuo vinne vimebaki na vijana wasiokuwa na kocha aliyewaleta. Hata hapo kwenu mmeliona: Matt Campbell alikaa Iowa State tangu 2016, watu wakadhani atazeekea pale, mwezi huu kaenda Penn State.

Yule kocha wa mwanao huenda hakudanganya alipokuwa anakula sombe. Siku ile alikuwa anamaanisha. Lakini kazi yake imejengwa hivyo, akifanya vizuri anachukuliwa, akifanya vibaya anafukuzwa. Vyovyote iwavyo, kukaa naye miaka minne ni nadra.

Mhesabu wa Minnesota

Mama, nijibu hilo swali lako la mkataba, maana ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mkataba wa kocha mkuu una mlango wa pande mbili. Chuo kikimfukuza bila kosa la kinidhamu, kinamlipa sehemu kubwa ya miaka iliyobaki. Yeye akiondoka mwenyewe, analipa fidia, na kwa kawaida chuo kinachomchukua ndicho kinachoitoa mfukoni. Texas A&M walimpa Jimbo Fisher miaka 10 kwa dola milioni 75 mwaka 2017, wakamwongezea 2021, wakamfukuza Novemba 2023, na deni likawa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Brian Kelly alisaini LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, miaka 10 kwa dola milioni 95, hakufika hata nusu, Oktoba mwaka huu akaambiwa aende zake na zaidi ya milioni 50 zikabaki kwenye hesabu. James Franklin alifukuzwa Penn State mwezi huo huo akidai karibu milioni 50. Alipopata kazi Virginia Tech, wakapatana chuo kimlipe milioni 9.

Kisha LSU wakamfuata Lane Kiffin. Alikuwa Ole Miss, yaani chuo kikuu cha Mississippi, timu imeshinda mechi 11 na kupoteza moja tu, mchujo wa ubingwa wa taifa uko mlangoni. Tarehe 30 Novemba akaondoka, miaka 7 kwa kama dola milioni 13 kwa mwaka. Wale vijana waliocheza msimu mzima kumfikisha hapo waliingia kwenye mchujo na kocha mwingine.

Pesa zinatoka kwenye haki za televisheni, tiketi na matajiri waliosoma pale. Ndiyo maana katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko gavana na majaji wote ni kocha wa chuo cha serikali.

Sasa mwanao. Karatasi yake ni ya chuo. Jina la kocha halimo. Kocha ameondoka, ufadhili umebaki palepale alipo. Hiyo ndiyo ngao yake, na anaweza kuivua kwa mkono wake mwenyewe akiingia potali bila kufikiri. Wengine watakueleza.

Dada wa Usajili

Mhesabu, umenipa pa kuanzia. Nafanya kazi ofisi ya usajili ya chuo kimoja huku, na kila Januari faili za wanaohamia zinapita mezani kwangu.

Mama, sikiliza hili kabla ya yote. Jina la kijana likiingia potali, chuo chake kina ruhusa ya kusitisha ufadhili wa michezo muhula ukiisha. Akibadili mawazo, kurudi si haki yake, ni hiari ya kocha mpya. Na kila mwaka kuna vijana wanaoingia mle wasipate chuo chochote. Hao hawaandikwi magazetini.

La pili ni masomo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inadai mchezaji awe amemaliza asilimia 40 ya shahada anayoisomea anapoanza mwaka wa tatu, 60 mwaka wa nne, na 80 mwaka wa tano. Ukihama, chuo kipya ndicho kinachoamua krediti zipi zinaingia kwenye shahada yake. Kwa anayesoma mambo ya jumla si shida sana. Kwa uhandisi ni shida kubwa. Nimeona somo la saketi na maabara yake likipokelewa kama somo la hiari tu, kijana akajikuta chini ya ile 40. Ushauri aliopewa na idara ya michezo? Badilisha kozi. Wengi wanaobadilishiwa kozi hivyo hawakupenda, walisukumwa na kalenda. Potali inafunguka 2 Januari, masomo yanaanza wiki moja au mbili baadaye, hakuna anayepata muda wa kukagua faili vizuri.

Kijana wa mkimbizi aliyefika mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme huku akicheza daraja la kwanza, jamani, huyo ameshafanya kazi kubwa. Asiivuruge kwa simu ya mtu wa tatu.

Kijana wa Kamba Mbili

Naheshimu maneno ya dada ila siwezi kukaa kimya. Ninacheza sasa hivi, na nasema amfuate.

Curt Cignetti alipotoka James Madison kwenda Indiana mwisho wa 2023, wachezaji 13 walimfuata. Chuo kidogo kwenda chuo kilichokuwa kinachekwa kwenye Big Ten, moja ya ligi kubwa za vyuo. Aiden Fisher, D'Angelo Ponds, Elijah Sarratt, wote walitoka naye kule. Leo Indiana haijafungwa msimu mzima na imeipiga Ohio State 13 kwa 10 kwenye fainali ya Big Ten. Cignetti mwenyewe Oktoba amepewa mkataba mpya wa miaka 8, dola milioni 93. Wangebaki nyumbani, nani angewajua?

Kocha anayekujua hakuanzishi upya. Anajua goti lako, anajua hasira zako, anajua unachoweza. Kocha mpya anakuja na watu wake, na wewe kwake ni namba aliyoikuta.

Zamani Beki

Mdogo wangu, mfano wako ni wa kweli na mzuri. Ila weka na huu pembeni. Jimmy Rogers alitoka South Dakota State kwenda Washington State msimu huu, na vijana kadhaa wakamfuata mpaka kule Pullman. Wamecheza naye mwaka mmoja. Mwezi huu Iowa State imemchukua kujaza nafasi ya Campbell. Hao waliomfuata wanahama tena, au wanabaki ugenini na mtu wasiyemjua?

Mama, nina maswali kwako. Je, kocha wake wa nafasi, yule anayemfundisha kila siku safu ya mbele, anaondoka na mkuu au anabaki? Pili, kocha mpya anacheza ulinzi wa mbele wa watu wanne au watatu? Mwanao ana uzito gani?

Mama wa Iowa

Asanteni sana wanangu, mmenifumbua macho. Nimempigia simu, ameniambia ana ratili 242. Kocha wake wa safu bado yupo, ila hajui kama kocha mpya atambakiza. Kuhusu watu wanne au watatu, amesema huyo mpya alikotoka alikuwa anacheza watatu. Sielewi maana yake, lakini aliposema sauti ilishuka.

Zamani Beki

Sauti ilishuka kwa sababu anajua. Kwenye safu ya watatu, wa pembeni wanatakiwa wawe wazito, ratili 280 na kuendelea, wazuie njia. Mwenye 242 ama atalishwa mpaka apoteze mbio zake, ama atarudishwa nyuma kidogo acheze akiwa amesimama, awe lainbeka wa pembeni, yaani mlinzi wa safu ya pili. Hilo la pili linaweza kuwa zuri kwake, hata ligi kubwa ya NFL inawatafuta watu wa umbo hilo. Lakini lazima asikie kwa mdomo wa kocha wa ulinzi mpya kwamba ndiyo mpango. Hili kwangu linazidi jina la kocha mkuu. Kocha mkuu huwa hamfundishi mtoto kuweka mguu.

Na kule anakoitwa, aangalie orodha ya timu. Wa pembeni wako wangapi, wa mwaka gani. Chuo kikubwa kina pesa ya kununua mwingine mkubwa zaidi Januari hii hii.

Mhesabu wa Minnesota

Ni kweli kabisa. Na hapo kwenye "pesa ipo", mama, tulia kidogo. Tangu 1 Julai mwaka huu, baada ya mahakama kuridhia mwezi Juni mapatano ya kesi ya House, ile ya wachezaji dhidi ya NCAA, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo cha mwaka 2025-26 ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo, na hiyo ni kwa michezo yote. Sehemu kubwa inaenda futiboli, na ndani ya futiboli inaenda kwa makwotabeki na nyota wachache. Timu ina nafasi 105. Wa mwaka wa pili asiyejulikana anaweza kupata kitu kizuri au akapata ahadi tu.

Msaidizi wa kocha haruhusiwi kumtafuta mchezaji wa chuo kingine kabla hajaingia potali. Ndiyo sababu simu ilipitia kwa kocha wa sekondari. Maana yake hakuna karatasi, hakuna sahihi, na kesho akikana huna pa kumshikia. Msitumie maneno hayo kufanya uamuzi.

Mpwa wa Kigoma

Mama, Mwenyezi Mungu awatangulie. Naongeza dogo tu kwa kuwa napita njia hiyo hiyo ya ukimbizi. Kama ana grini kadi au uraia, kupokea pesa hizo hakuna tatizo. Wenye viza ya mwanafunzi ndio wanaobanwa. Lakini zina kodi, na mara nyingi hazikatwi kodi zinapolipwa, mwaka ukiisha serikali inadai. Kama nyumbani mnapata msaada wa kodi ya nyumba, ulizeni kwanza kama kipato chake kinahesabiwa. Kuna familia hapa mjini kwetu ilipata barua mbaya kwa ajili hiyo.

Mama wa Iowa

Nimemsomea baba yake majibu yote, mstari kwa mstari. Amekaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo hatuna haraka?" Kweli hatuna haraka? Huyo wa sekondari anasema dirisha linafungwa.

Dada wa Usajili

Sheria ilibadilishwa Oktoba hii. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji wake wanapewa siku 15, zikianza siku ya tano baada ya mpya kutangazwa. Na kuna dirisha la wote, 2 hadi 16 Januari 2026. Tarehe zake kamili aziulize ofisi ya sheria za michezo hapo hapo chuoni, kuuliza hakumtoi timu. Kwa hiyo muda wa kuongea na kocha mpya upo, na hilo ndilo la kwanza.

Mama wa Iowa

Kocha mpya anawaona mmoja mmoja Alhamisi. Aulize nini?

Zamani Beki

Nani atakuwa kocha wa safu. Wewe unaniona nacheza wapi, na kwa uzito gani. Maabara ya uhandisi ikigongana na mazoezi, inakuwaje. Hilo la tatu aliulize akimtazama usoni. Na aandike majibu kwenye daftari siku hiyo hiyo.

Kijana wa Kamba Mbili

Akimjibu hovyo, aingie potali bila woga. Lakini nakubali, amsikilize kwanza.

Dada wa Usajili

Mama, akipakua orodha ya masomo yake aliyofaulu, afute jina na namba ya mwanafunzi, unitumie faraghani. Nitakuwekea alama kwenye masomo yanayoweza kukataliwa akihama, ili Alhamisi ajue akihama atapoteza nini.

Mama wa Iowa

Amesema anaipakua usiku huu akitoka mazoezini. Nitaituma kabla sijaingia zamu.