Komunyo ya Kwanza: anaelewa, ila kujibu mbele za watu kunamshinda. Naomba ushauri

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Binti yangu ana miaka tisa, yuko mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, yaani kupokea Ekaristi kwa mara ya kwanza. Mwalimu wake amenidokeza huenda akasubirishwa hadi mwakani, maana akiulizwa maswali ya katekisimu mbele ya wenzake anaduwaa tu.

Sasa nyumbani ni mtu mwingine kabisa. Juzi shambani kwa bibi yake, Mpunguzi, kachuma zabibu akauliza: "Mama, padre anatumia hizihizi?" Nikamwambia divai ya misa hutoka kwenye zabibu, lakini baada ya mageuzo, padre akishaiweka wakfu kwenye misa, si divai tena, ni Damu ya Kristo. Akanyamaza, kisha: "Kumbe ndiyo maana tunapiga magoti." Hilo nani alimkaririsha?

Najua Papa Pius X mwaka 1910 alishusha umri hadi kama miaka saba, mtoto akishatofautisha Ekaristi na mkate wa kawaida. Sheria ya Kanisa nayo inadai maandalizi ya kutosha, na jukumu inaanza kutupa sisi wazazi. Gauni jeupe na keki havininyimi usingizi (mashangazi wameshaanza kuchangishana, hao siwawezi).

Je, nimwombe paroko amsikilize faragha, au nitaonekana namruka mwalimu? Na nyie makatekista, watoto wenye aibu huwa mnawapimaje? Ajabu, kitubio (kuungama dhambi kwa padre) hakiogopi hata kidogo.