Tupeane uzoefu: Mass Effect ilikukamata wapi, na ilikuboa wapi?

kiberenge

Wakuu habari za muda huu. Nyuzi za mpira na za magari zimejaa humu mpaka basi, leo tupige stori za RPG (magemu ya kuigiza uhusika) za anga za mbali, na naanza na Mass Effect zile tatu za Kamanda Shepard. Kwa wasiojua ni kazi ya BioWare ya Canada, ya kwanza 2007, ya pili 2010, ya tatu 2012, halafu 2021 wakazifunga zote pamoja kwenye Legendary Edition. Andromeda, ile iliyofuata baada ya hizo tatu, hapana, iacheni ilipo. Na sitaki review za kukopi, kila mtu aseme ya kwake, uzuri na ubaya.

Mimi nilikamatwa kwenye sayari ya Virmire, gemu ya kwanza. Wrex, mwenzako wa timu, yule mkrogani (kabila la viumbe wa sayari nyingine) ambaye toka mwanzo anaongea kama mzee wa kijiweni aliyeona mengi, anagundua adui yenu ana dawa ya ule ugonjwa waliopandikiziwa kabila lake, ambao mimba karibu zote zinaharibika. Na nyie mmekuja kuilipua hiyo maabara. Unamfuata ufukweni unaanza kumbembeleza na hapo kama huna pointi za ushawishi na wala hukumsaidia kurudisha ile deraya ya ukoo wake, mnanyoosheana bunduki, na anaweza kufa palepale, tena akapigwa na Ashley mwenzenu wa timu moja. Hata hujapumua, unaambiwa uchague kati ya Ashley na Kaidan, wote wa timu yako, nani abaki afe. Hakuna mlango wa tatu, nimetafuta.

Sasa utamu wake, Wrex akipona basi gemu ya pili unamkuta Tuchanka, sayari ya kwao, ni mkuu wa ukoo, yuko juu ya kiti chake anapanga mambo, anakuona anakupokea kama ndugu. Akiwa amekufa kiti kakalia Wreav, mkorofi, hataki kusikia habari za amani, na gemu ya tatu yote ya wakrogani inabadilika. Sevu yako inatembea gemu tatu na inakumbuka. Mpaka leo sijaona wengi walioweza hilo.

Ubaya wa ile ya kwanza: begi. Unaokota bunduki na deraya zile zile mpaka vitu 150, ikijaa unakaa unayeyusha kimoja kimoja kuwa omni-gel, ile malighafi ya kutengenezea vitu, mpaka kidole kinauma. Na lile gari la Mako linavyodunda milimani, tuheshimiane tu.

popo_wa_usiku

Mkuu umenigusa. Ila mimi Mako naitetea, wale wanaoiponda wengi walikuwa wanapanda ukuta wa mlima badala ya kuzunguka 😂. Kwenye Legendary wameituliza. Kilichoniboa mimi ni yale majengo, unaenda sayari hii unakuta handaki, unaenda sayari ya pili handaki lile lile, maboksi tu ndo yamehamishwa. Nje mandhari tofauti, anga linapendeza, ukiingia ndani unajua kabisa adui atatokea chumba gani.

Lifti za Citadel, ule mji mkuu wa angani, pia watu walizilalamikia sana kumbe pale gemu inalodi kimya kimya. Mimi nilizipenda, mkiwa mmesimama mle wenzako wa timu wanaanza kuchokonoana, Tali na Garrus, unasikia mpaka chuki za kabila kwa kabila bila mtu kukusomea historia. Ya pili wakaweka skrini ya kulodi, stori za lifti zikafa.

Pwani_raha

Assalam aleikum ndugu zanguni. Mie nlianza na ya pili kwenye PS3, maana huko PS ya kwanza haikuwepo kwa wakati ule, ilikuja baadae 2012. Wakakuwekea kikatuni mwanzoni unachagua chagua yale mambo ya gemu ya kwanza, nani afe, baraza uliokoe ama uliache. Wallahi nlibofya tu, hawa watu siwajui. Kisha nafika koloni la Horizon mtu ananifokea kwa uchungu kabisa eti nimemuacha miaka miwili, nami najiuliza, huyu ni nani yangu? Kwa hiyo yule anayesema gemu inakumbuka ni sawa, lakini inataka na wewe uwe na kumbukumbu hizo, vyenginevyo nusu ya utamu unakupita.

Uzuri wake ni ile misheni ya mwisho ya kwenda kwa Collectors, maadui wa gemu ya pili. Mule ndani usichokifanya huko nyuma ndicho kinachokuua. Hukuiwekea meli silaha ya nguo ya chuma, Jack wa timu yako anakufa kabla hamjatua. Umemtuma mtu asiefaa kupita kwenye mabomba, kafa. Na wale mabaharia wako wakishatekwa, ukisema ngoja kwanza nimalize vimisheni vidogo, ukifika unamkuta Kelly, karani wako wa melini, anayeyuka ndani ya kioo mbele yako. Magemu mengine yanakwambia dunia inaisha na bado unaweza kwenda kuvua samaki wiki nzima.

Ubaya, kuskani sayari. Unazungusha mpira kwa pedi, pole pole, unasikiliza mtetemo upate platinamu. Nani aliekaa akasema hii ndo raha?

dada_wa_pedi

Kaka Pwani_raha hapo kwenye silaha ya nguo ya chuma nimecheka jamani, ni deraya ya meli 😂 ila tumekuelewa.

Mimi nimecheza na Shepard mwanamke mwanzo mwisho, sauti ya Jennifer Hale, na nawaambia kaka zangu mnaochezaga na yule wa kwenye kava mmekosa. Hasira yake unaisikia kabla hajamaliza sentensi.

Ubaya ambao naona wengi hamuusemi ni ile Paragon na Renegade, yaani pointi za upole na za ukali. Wanakwambia cheza utakavyo, uhuru, sijui nini. Kumbe kwenye ile ya pili majibu mazito yanafunguka kama umejaza upande mmoja, ukiwa mtu wa kawaida, leo mpole kesho umekasirika, inakuumbua. Miranda na Jack, wote wa timu yako, wanagombana ofisini, unataka kuwapatanisha, majibu ya kupatanisha yamefifia huwezi kubofya, inabidi uegemee mmoja na mwenzake anakununia, na ukinuniwa kwenye misheni ya mwisho mtu anaweza akafa. Kwa hiyo watu wengi wanaishia kubofya jibu la juu, la upole, kila saa bila hata kusoma, hiyo sio kuigiza uhusika hiyo ni kujaza mita.

Kuna na ile ya Conrad Verner, yule shabiki wako kiherehere. Ya kwanza nilimuongelesha vizuri sana, ya pili ananikumbusha eti nilimnyooshea bunduki usoni. Nikajua nimechanganya sevu, kumbe ni kosa la gemu lenyewe linamtokea kila mtu. Ya tatu wakamfanya aombe msamaha kwa kusema vile. Hapo waliniweza, kosa lao wameligeuza utani.

mkenya_halisi

Wasee wacha niseme ukweli, ending ya ya tatu ilinikasirisha hadi nikazima TV. Masaa yote hayo, umemaliza vita ya miaka mia tatu kati ya Quarian na maroboti yao Geth, umeona Mordin, yule daktari wa timu, akipanda ule mnara Tuchanka akiimba pole pole akijua hatashuka, mimi hapo nililia, sioni haya. Halafu mwisho anatokea katoto kenye kung'aa, kenye sura ya yule mtoto wa mwanzoni mwa gemu, kanakwambia chagua nyekundu, buluu ama kijani. Video ni karibu ile ile, rangi ndio tofauti! Watu walipiga kelele dunia nzima, Juni 2012 wakatoa Extended Cut ya bure, wakaongeza maelezo na njia ya nne ya kukataa. Ilisaidia kiasi.

Na kitu ingine. Hiyo ya tatu ilipotoka, nguvu za jeshi lako zilikuwa zinahesabiwa nusu tu, asilimia 50, mpaka uingie ucheze onlaini na watu. Sasa sisi wengine wakati huo intaneti ilikuwa ya modemu, unalagi mpaka unauawa na adui hujamuona. Yaani nimeunganisha galaksi nzima alafu naambiwa niko nusu tayari juu sina bandwidi? Legendary hiyo onlaini walitoa kabisa, na hesabu wakairekebisha.

Lakini nitawapa hii: Garrus. Mnapanda juu ya Presidium, ule mtaa wa kifahari wa Citadel, mnatupiana chupa mnapiga risasi, na unaweza kukosa makusudi ili yeye ajisifu. Mimi nilikosa. Hakuna zawadi, hakuna pointi, ni beshte yako tu.

kiberenge

Mkenya halisi umeua 😂 na mimi nilikosa.

Ila nina neno kuhusu ending. Ile hasira yote ilitokana na kwamba gemu ilikuwa imetuzoesha vizuri mno. Gemu isiyokumbuka kitu ikikupa rangi tatu unashukuru unaenda kulala. Hii ilikuwa imekufundisha toka Virmire kwamba neno lako lina uzito, halafu dakika kumi za mwisho inajifanya haikujui.

popo_wa_usiku

Na kombati hamjaigusa. Ya kwanza bunduki hazina risasi za kuisha, inapata moto unasubiri ipoe. Ya pili wakaleta klipu za kupozea bunduki, za kuokota, wakasema ni teknolojia mpya ya miaka ile miwili Shepard alipokuwa marehemu. Sawa. Sasa nenda misheni ya baba yake Jacob wa timu yako, meli imeanguka miaka kumi nyuma, watu wamekwama hawajaona mgeni, na klipu zimejaa chini kila kona. Zilifikaje? Ila kusema kweli kupiga kwenyewe kulinoga, na ya tatu ndo bora kuliko zote.

mgeni_njiani

Wakuu mnanishawishi. Naweza kuruka ya kwanza nikaanza na ya pili? Naona wengi mnasema ya kwanza inachosha.

dada_wa_pedi

Usiruke mdogo wangu, yatakukuta ya Pwani_raha.

kiberenge

Usiruke. Piga stori kuu, chukua misheni ya Wrex na ya Garrus, handaki za pembeni achana nazo ukichoka. Ila kama ni Legendary kwenye PC andaa GB 120 kwenye diski ndo ununue, na ishushe usiku bando likiwa rahisi.