Binti ana Divisheni ya Pili ya pointi 12 (PCB) na amekosa Udaktari awamu ya kwanza: arudie mtihani au aombe kozi nyingine?

FundiWaMwaloni

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri kuhusu binti wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea hapa Kirumba tangu akiwa darasa la tatu na ambaye mwaka huu amemaliza kidato cha sita. Matokeo ya Baraza la Mitihani yalipotangazwa mwezi wa saba alikuwa kambini Rwamkoma, mkoani Mara, kwa mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya mujibu wa sheria, kwa hiyo mimi ndiye niliyeyafungua kwenye simu: Fizikia E, Kemia D, Baiolojia C, Divisheni ya Pili kwa pointi 12. Nyumba nzima ilishangilia.

Maombi yalipelekwa vyuo vitatu, kimojawapo kikiwa hapa hapa Mwanza, na kote iliombwa kozi moja tu, Udaktari wa Tiba, kwa kuwa ndivyo ukoo ulivyokuwa ukisema kwa miaka yote. Majina ya waliochaguliwa yametoka na yeye hayumo popote. Sasa dirisha la awamu ya pili liko wazi na siku zinakimbia. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyelipa ada ya kidato cha tano na cha sita, anasema mtoto arudie mtihani mwakani badala ya kukimbilia kozi ya kubahatisha. Mama yetu yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na tangu mjukuu wake apate A ya Baiolojia kidato cha nne hamwiti kwa jina, humwita "daktari" mbele ya majirani wote.

Binti mwenyewe hasemi. Tangu arudi kutoka kambini anaamka mapema, anafagia uwanja, anawaandalia wadogo zake uji, kisha anajifungia chumbani, na simu ameizima kwa sababu wenzake wanatumiana picha za majina yao. Nilipomuuliza anataka nini, alinijibu, "Mtakavyoamua, baba mdogo." Jibu hilo limeninyima usingizi kuliko matokeo yenyewe. Ninaomba mnieleze kwa nini mwenye Divisheni ya Pili anakosa nafasi, kama kurudia mtihani kuna faida, na nizungumze naye kwa namna gani.

MwalimuWaKemia

Ndugu yangu, pole, na hongera kwa kumlea mtoto wa kaka yako hadi hapo. Nimefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na jambo hili huwachanganya wazazi kila mwaka, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Baraza la Mitihani na Tume ya Vyuo Vikuu hawahesabu kwa namna moja. Baraza linahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, D kuwa 4, E kuwa 5, S kuwa 6 na F kuwa 7, kisha linajumlisha masomo matatu ya tahasusi (mchepuo wake, kama PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia), na mwenye jumla ndogo ndiye aliyefaulu zaidi. Divisheni ya Kwanza huishia pointi 9, na ya Pili ni 10 hadi 12. Binti yako ana 5, 4 na 3, yaani 12, kwa hiyo yuko kwenye ukingo wa mwisho wa Divisheni ya Pili. Tume inageuza hesabu hiyo: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwenye jumla kubwa ndiye anayetangulia. Kwa hesabu hii binti ana 1, 2 na 3, jumla 6.

Sifa ya chini ya kuomba Udaktari wa Tiba ni pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, huku Kemia na Baiolojia zikiwa angalau D na Fizikia angalau E. Ninyi hamkuomba kitu ambacho mtoto hana sifa nacho. Hata hivyo, kila programu ina idadi ya nafasi, na waombaji wanapozidi nafasi hizo, chuo huanza kuchukua kutoka juu. Mwenye pointi 6 anashindania kiti kimoja na wenye 10, 12 na hata 15. Naomba umweleze binti jambo hili kwa kalamu na karatasi, kwa sababu ninawajua watoto wa namna hii: huenda anaamini kwamba amefeli, ilhali amefaulu na nafasi zikaishia kwa waliomtangulia.

MamaWaBuhongwa

Kaka, Mwalimu amemaliza upande wa hesabu, nami niseme kidogo kuhusu mtoto. Nimelea watatu waliopita kwenye matokeo haya, na wa pili alinyamaza hivyo hivyo kwa wiki nyingi.

Mtoto aliyelelewa na baba mdogo hubeba mzigo ambao mtoto wa kuzaa haubebi. Anajua nani amelipa ada, anajua nani ameahidiwa nini, na anaona kwamba akisema anachokitaka atahesabiwa kuwa hana shukrani. Kwa hiyo swali la "unataka nini" akiulizwa sebuleni, na watu wazima wamekaa, litajibiwa "mtakavyoamua" hata ukilirudia mara kumi. Mtafutie kazi ya kufanya pamoja nawe, mkiwa wawili tu, mikono ikiwa na shughuli na macho hayatazamani. Kabla hujamuuliza chochote, mwambie kwa maneno kamili kwamba ada iliyolipwa haidaiwi, na kwamba nafasi yake nyumbani kwako haitegemei kozi yoyote.

Jambo jingine ninaliandika kwa uzito. Mwangalie kama analala na kama anakula. Akianza kusema kwamba yeye ni mzigo, au kwamba ingekuwa heri asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kutua alichobeba. Akikubali, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mpeleke hospitali, Sekou Toure au Bugando, umweleze daktari ulichokisikia. Mabinti wetu hufagia na kupika hata wakiwa wameumia sana ndani, kwa hiyo kazi za nyumbani zisikutulize.

MkereweMtulivu

Nitatofautiana kidogo na wanaoliogopa neno kurudia. Mimi nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata nilichokitafuta, na leo ni mfamasia. Lakini nilirudia nikijua kilichoniangusha: niliugua wakati wa mitihani na nikaikosa karatasi moja ya Kemia.

Kwa binti huyu, ulizeni kwanza ile E ya Fizikia imetoka wapi. Kama ni bahati mbaya ya siku moja, kurudia kuna maana. Kama Fizikia imemshinda tangu kidato cha tano, mwaka mmoja wa kusoma nyumbani, bila maabara na bila mwalimu, huenda ukamrudishia E ile ile. Kumbukeni pia kwamba masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, na mtahiniwa wa kujitegemea naye anaufanya, kwa hiyo lazima apate mahali pa kujifunzia vifaa na kemikali kabla ya mwezi wa tano. Usajili una tarehe zake, na huulizwa kwenye kituo cha mitihani, si kwa jirani.

AfisaTabibuWaZiwa

Shikamoo baba. Mimi nilikuwa na matokeo dhaifu kuliko ya binti yako, na sasa niko mwaka wa tatu wa Udaktari. Nilipitia Stashahada ya Utabibu, ambayo huchukua miaka mitatu na huangalia zaidi ufaulu wa kidato cha nne katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Aliyemaliza kwa GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, na mwenye masomo ya kidato cha nne yanayotakiwa, anaruhusiwa kuomba Udaktari kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada badala ya matokeo ya kidato cha sita. Hiyo ni miaka mitatu, kisha mitano ya shahada, kisha mmoja wa mafunzo kazini, na hakuna anayekuhakikishia kwamba utachaguliwa mara ya kwanza. Kwangu ilifaa kwa sababu niliipenda wodi tangu wiki ya kwanza. Ningeifanya ili kumridhisha bibi, ningeiacha njiani.

Aliyekuwa_Udahili

Nilifanya kazi katika ofisi ya udahili, na ningependa kuongeza mambo ya utaratibu, kwa maana nimeona vijana wenye sifa wakibaki nyumbani kwa makosa madogo ya kuzuilika.

Msipeleke awamu ya pili orodha ile ile ya awamu ya kwanza. Angalieni kwenye tovuti za vyuo ni programu zipi bado zina nafasi, kisha msome mwongozo wa udahili wa Tume wa mwaka huu, kwa sababu kila programu imeandikiwa masomo na alama zinazotakiwa, na jina la kozi pekee halitoshi. Kwa programu nyingi nje ya tiba, sifa ya msingi ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayohusika. Binti akipimwa kwa Kemia na Baiolojia ana 5, kwa hiyo milango ni mingi kuliko mnavyodhani: ualimu wa sayansi, sayansi ya chakula, uvuvi na ukuzaji viumbe maji, na nyinginezo. Kozi za maabara ya tiba na uuguzi zina masharti yao kwa kila somo, zipimeni moja moja. Wekeni moja anayoitamani, nyingine anayoiweza, na nyingine ambayo ana uhakika nayo.

Akaunti aifungue yeye mwenyewe, kwa namba yake ya simu na barua pepe yake, hata kama anayejaza ni kijana wa steshenari. Nimeona waliochaguliwa vyuo viwili wakishindwa kuthibitisha kwa sababu namba ya siri ilitumwa kwenye simu ya steshenari, na mwenye simu alishahamia Geita. Nywila iandikwe kwenye daftari.

Je, mkopo uliombwa?

FundiWaMwaloni

Ninawashukuru wote, na Mama wa Buhongwa kwa namna ya pekee. Mkopo uliombwa mapema. Cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha marehemu baba yake vilihakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na fomu ilisainiwa serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo.

Jana nilimwomba anisaidie kusafisha kabureta ya mashine ya boti, kwa kuwa mwenye boti aliitaka alfajiri. Nikamwambia kuhusu ada kama nilivyoelekezwa, naye akaendelea kupuliza matundu ya petroli kama hakusikia. Baadaye, akiwa bado ameinama, alianza kuongea na hakuacha hadi tulipofunga boliti ya mwisho. Anasema Fizikia imemwelemea tangu kidato cha tano na hataki kuirudia. Anataka kubaki kwenye fani ya afya ikiwezekana, na saa alizozifurahia zaidi shuleni ni zile za maabara ya Baiolojia, kwenye darubini. Analoliogopa ni mwaka mzima wa kukaa nyumbani, na kumwambia bibi. Nilimuuliza pia lile swali gumu. Alinitazama, akasema hapana, ila amekuwa akilia usiku. Tumekubaliana ataniamsha ikimzidi.

Tumepanga hivi: maabara ya tiba kwanza, kisha uuguzi, kisha sayansi ya chakula pale Sokoine, Morogoro, na ualimu wa Kemia na Baiolojia. Swali langu la mwisho: kubadili kozi kunaharibu maombi ya mkopo? Na kaka yangu mkubwa nimweleze vipi?

Aliyekuwa_Udahili

Mkopo unaombwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, na Bodi ya Mikopo huipanga mikopo baada ya kupata majina ya waliodahiliwa, kwa hiyo kuomba kozi nyingine hakufuti maombi yake. Hakikisheni tu kwamba namba aliyotumia kwenye mkopo ndiyo hiyo hiyo aliyotumia chuoni. Vilevile, aingie kwenye akaunti ya mkopo mara kwa mara aone kama kuna nyaraka inayotakiwa kurekebishwa, kwa sababu muda wa marekebisho huwa mfupi.

MwalimuWaKemia

Kwa kaka mkubwa, chora safu mbili, ya Baraza na ya Tume, uweke alama za mtoto katika zote mbili, na chini yake uandike sifa ya Udaktari. Mtu aliyelipa ada ana haki ya kuelezwa kwa heshima. Usimpeleke binti akajitetee peke yake.

FundiWaMwaloni

Nimefanya hivyo, Mwalimu. Nilimtumia picha ya karatasi, akanipigia, akauliza mara mbili kama hesabu ya Tume ndiyo hiyo kweli, kisha akauliza ada ya maabara ya tiba ni kiasi gani na malipo ya kwanza yanatakiwa lini. Maombi yameingia leo mchana kwa namba ya binti mwenyewe. Jumamosi ninavuka naye kwenda Nansio, na tumekubaliana kwamba mimi ndiye nitakayezungumza na bibi kwanza, yeye akiwa amekaa karibu nami.

MamaWaBuhongwa

Nendeni salama. Mwombe bibi amwite kwa jina lake.