Jimu ya wanawake pekee hapa Tanga, nusu saa kwa kuzunguka mashine: nilipie miezi sita au niache?

Sindano na Uzi
Habari za jioni wadau, poleni na majukumu. Nina miaka 43, watoto watatu, nashona nguo Ngamiani. Kazi yangu ni ya kukaa: saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni niko kwenye stuli, na tangu ninunue cherehani ya mota hata mguu wa kukanyagia pedali umepata likizo. Mwezi uliopita nilipima presha hospitali ya Bombo mara mbili, ikaja 148/94, halafu 146/92. Daktari hajaniandikia dawa. Kasema nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu.

Sasa kuna jimu imefunguliwa ghorofani, hatua chache kutoka ninaposhonea. Wanawake peke yao, mlango una pazia zito na kengele. Ndani kuna mashine kumi zimepangwa duara, na kati ya mashine na mashine kuna kibao cha kuchezea miguu. Muziki unapigwa, kila baada ya sekunde 30 sauti inasema "hama", unahamia kwa jirani yako. Raundi mbili, unanyoosha viungo, nusu saa kwisha habari. Nimejaribu siku tatu za bure.

Nilichopenda: nilivua baibui na ushungi, nikabaki na tisheti ya kampeni ya miaka ile na suruali ya mwanangu, na hakuna aliyegeuza shingo. Mbele yangu alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu. Wallahi mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Kinachonitia shaka ni kwamba mwezi ni 50,000 na kiingilio 30,000. Kuna ofa ya miezi sita kwa 240,000 bila kiingilio, lakini pesa hairudi hata ukihama mji. Wanafunga saa 12 na nusu jioni, na mimi kibanda nafunga saa 12. Jumapili hawafungui. Mashine hazina vyuma vya kuongeza, niliuliza nikishazoea itakuwaje, nikajibiwa "utasukuma kwa kasi zaidi". Baba watoto anasema kwa pesa hiyo ninunue baiskeli nizunguke Raskazone, na upepo wa bahari niupate bure. Hajakosea, ila yeye hajawahi kuendesha baiskeli na baibui.

Ofa inaisha Ijumaa. Naomba kuwasilisha.

Mwana Chumbageni
Dada, jimu za kawaida hapa mjini unapata kwa 30,000 na vyuma vipo vya kila kilo. Haya mambo ya kujitenga ni mbwembwe tu, mnalipia pazia.

Mama Pacha
Kaka yangu Mwana Chumbageni, umeshawahi kuchuchumaa na mzigo begani huku nyuma yako vijana watano wanasubiri mashine na mmoja kashika simu? Mimi nimeshawahi, hizohizo jimu zako za 30,000. Nilikwenda wiki mbili. Siku ya mwisho kijana akaja kunirekebisha mkao, hakuombwa, na mikono yake haikuombwa pia. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Ndiyo, tunalipia pazia. Wewe hulihitaji ndiyo maana unaliona mbwembwe.

Mwana Chumbageni
Basi yaishe bibie. Hilo la kushikwa sikulijua.

Ukwaju Mkavu
Shoga, mimi niko kwenye hiyohiyo unayoisema, kama siyo pacha wake, huu mwezi wa nane. Nitakwambia ya ukweli.

Miezi miwili ya kwanza utafurahi. Magauni yangu mawili yalikubali kufungwa zipu, ngazi za nyumbani nikapanda bila kushika ukuta. Usingizi ukawa mtamu. Mwezi wa tatu mambo yakasimama. Unazunguka, unahama, unahema kidogo, unarudi nyumbani vilevile. Nikagundua nilikuwa nasukuma mashine huku nasimulia harusi ya jirani. Ile duara inakuweka uso kwa uso na wenzako, raha yake iko hapo na balaa lake liko hapo. Kuna kundi la saa 4 asubuhi ni baraza kamili, kinachokosekana ni kahawa tu. Nikahamia saa 10 jioni, kuna wauguzi wawili wanaotoka zamu, hao hawana habari na mtu, na ndipo nikaanza kutoka jasho tena.

Ramadhani ratiba ilibadilika, tukawa tunaingia baada ya tarawehe. Nilipenda kuliko mwaka mzima. Wakiulizwa kwa nini wasifungue usiku siku zote, wanasema mwalimu ni mmoja na anaishi Kange.

Jingine la kuuliza kabla hujatoa pesa: kiyoyozi kikiharibika anakuja nani? Kwetu siku moja fundi aliingia bila kutangazwa, wanawake wakatawanyika kama kuku. Pazia lina maana kama kuna mtu anayelilinda.

Mkonge
Ninafanya kazi ya tiba ya viungo, niko Muheza. Niseme kuhusu hizo mashine, maana naona kila mtu anaongelea pazia.

Ndani ya mashine hizo kuna bomba la mafuta lenye pistoni, kama shokapu ya pikipiki. Ukisukuma polepole ni laini, ukisukuma kwa kasi inakaza. Kwa hiyo mwalimu wako hakukudanganya. Ndiyo sababu bibi na mjukuu wanatumia mashine moja bila mtu kuhamisha pini ya uzito, na hakuna chuma cha kukuangukia. Kwa mtu anayeanza, hilo si dogo.

Lakini ujue inakaza kwenda na kurudi. Unasukuma, kisha unavuta. Hakuna wakati unaposhusha uzito taratibu. Kazi ile ya misuli unayoitumia kuteremka ngazi, au kutua ndoo kutoka kichwani bila kumwaga maji, mashine haikufundishi. Ukiona kesho yake huumwi sana, sababu ni hiyo, maumivu yale huletwa zaidi na kushusha kuliko kupandisha. Kwa hiyo nyumbani ongeza kitu kidogo: kaa kwenye stuli yako ya cherehani ukihesabu mpaka nne kabla makalio hayajagusa, kisha inuka. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena.

Na kwa kuwa huoni kilo, andika. Hesabu umesukuma mara ngapi ndani ya zile sekunde 30, weka kwenye daftari lako la vipimo vya wateja. Ukwaju Mkavu angeandika angeujua mwezi wa tatu mapema.

Sasa muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kutia misuli nguvu angalau siku 2. Nusu saa mara tatu ni dakika 90. Zinazobaki 60 mumeo ameshakuonyesha pa kuzipata. Wastani maana yake uweze kuongea ila usiweze kuimba.

Presha ya 148/94 haikuzuii. Ikisoma 180/110 au zaidi, usiende kunyanyua wala kusukuma kitu mpaka daktari aitulize kwanza. Na usibane pumzi unaposukuma, itoe. Wanaoanza karibu wote wanabana, na presha hupanda papo hapo.

Kahawa Chungu
Mkonge kamaliza, mimi niongelee pesa.

Mtindo wenyewe si wa jana. Mazoezi ya kuzunguka vituo yalibuniwa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1953. Huu wa wanawake peke yao, nusu saa, mashine za mafuta na vibao katikati, ulivumishwa na kampuni ya jimu ya Curves iliyoanzia Harlingen, Texas, mwaka 1992. Ilifika maelfu ya matawi, halafu matawi mengi yakafungwa. Kama wakubwa walifunga, ghorofa moja ya Ngamiani nayo inaweza. Mimi nililipa 200,000 kwa mwaka katika jimu moja ya mji huu, sitaitaja. Mwezi wa nne nilifika nikakuta kufuli na mwenye nyumba anadai kodi. Yeye alipata mashine zake za kukamata, mimi nilibaki na kadi yenye picha yangu.

Kisha piga hesabu. 240,000 kwa wiki 26, ukienda mara tatu kila wiki, ni kama 3,100 kwa siku. Bei nzuri. Ukienda mara moja ni 9,200 na ushee kwa siku. Jiulize kwa saa zao hizo utakwenda mara ngapi kweli, siyo mara ngapi unatamani.

Sindano na Uzi
Hapo umenigusa. Zile siku tatu za bure nilimwachia binti wa kazi kibanda. Siwezi kila siku, akikata kitambaa vibaya nalipa mimi.

Mama Pacha
Basi swali lako si mashine wala bei. Pazia zuri lakini limefungwa saa unayolihitaji. Kawaambie waongeze saa. Mwenye duka asiyeulizwa hajui mteja anataka nini.

Mtoto wa Pongwe
Mimi mama yangu ana jambo lilelile la presha, anatembea tu na wenzake Jumamosi alfajiri na kuokota umbea wa njiani. Imeshuka. Ila alipunguza na chumvi, na samaki wa chumvi hagusi tena, kwa hiyo sijui nimpe nani sifa.

Ukwaju Mkavu
Na usidanganywe na "ofa inaisha Ijumaa". Siku niliyojiunga mimi, ofa hiyohiyo ilikuwa inaisha Ijumaa.

Sindano na Uzi
MREJESHO. Leo siku ya kumi na moja.

Miezi sita sikulipa. Nilimfuata mwenye jimu mwenyewe, siyo binti wa mapokezi. Kumbe kuna kadi ya mara kumi kwa 45,000, inatumika ndani ya miezi miwili, haijaandikwa kwenye bango la bei. Nimechukua hiyo. Ni ghali kidogo kwa siku kuliko ofa, lakini wakifunga mlango kesho nitalia kwa 45,000 na siyo 240,000. Habari ya fundi wa kiyoyozi nimeuliza, kasema sasa anakuja Jumapili tu.

Kuhusu saa, nilimweleza kwamba Ngamiani nzima wanawake wenye vibanda wanafunga saa 12. Akasema nikimletea watu kumi wenye kadi, Jumatatu na Jumatano atamlipa mwalimu wa Kange nauli ya bodaboda na ataacha wazi mpaka saa 1 na nusu usiku. Nimezunguka kwa wenzangu: wawili wa saluni, muuza vitenge, mama wa duka la dawa, mafundi wawili wa mtaa wa pili. Na mimi, saba.

Jumapili tulitembea Raskazone na baba watoto, alfajiri. Dakika ya ishirini aliomba tukae ukutani tuangalie ngalawa. Sikumuuliza kama bado anaweza kuimba.

Daftari nimeanza. Mashine ya kifua, juzi mara 14, leo 16.

Wanawake wa Ngamiani na Makorora mnaotoka kazini saa 12, tumebakisha watatu. Njooni inboksi.