Naomba ushauri: mikanda ya plastiki inayowanyonga sili wa Walvis Bay

Ndugu wanachama, nawasalimu. Mimi ni baharia Mtanzania katika meli ya uvuvi inayotia nanga Walvis Bay, Namibia, karibu na Pelican Point ambako sili hukusanyika kwa maelfu. Wiki iliyopita nilimwona mtoto wa sili akiwa na mkanda wa kufungia masanduku ya chambo shingoni. Watoto hawa huchezea kila kinachoelea, na kwa kuwa mkanda hautanuki ilhali mnyama anakua, humkata ngozi hadi nyama, polepole, kwa miezi mingi. Iliniuma sana.

Najua kwamba asiye na mafunzo hapaswi kumkamata, kwani sili huuma vibaya. Ninachoomba ni ushauri kuhusu chanzo. Kanuni za MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari unaotokana na meli, zilipiga marufuku kutupa plastiki baharini tangu mwisho wa 1988, lakini wenzangu wawili bado hurusha mikanda majini bila hata kuikata. Mimi ni mdogo wao kwa umri na kwa cheo. Je, mliowahi kufanya kazi melini, nianze kwa kuzungumza nao faraghani, au nimwendee nahodha moja kwa moja na kumwomba tutengewe pipa la mikanda iliyokatwa?