Tuliosoma fasihi ya dunia chuo (vile vya tuzo za Nobel na Booker), tupeane uzoefu

Mtani wa Njombe
Kamwene wakuu. Mdogo wangu yupo mwaka wa pili chuo kimoja hapo Iringa, anasoma ualimu wa lugha. Jana kanipigia simu analia kabisa, semista hii wamepewa fasihi ya dunia na orodha nzima ni watu wenye matuzo, Soyinka, Márquez, Toni Morrison, Gurnah, kuna na dada wa Kikorea aliyechukua Nobel 2024. Karibu kila wiki kitabu kipya na bumu, ile hela ya mkopo, halijaingia. Mimi nimesoma uhasibu sina cha kumshauri, nimebaki namwambia pole mama. Mliopita huko mlitokaje?

Fundi Mwanjelwa
Mwambie adese tu kama wenzake, noti za kunakili zipo.

Kaka wa Uyole
Umenikumbusha mateso mkuu. Sisi ilikuwa Márquez, yule wa Kolombia aliyepewa Nobel 1982, kitabu One Hundred Years of Solitude. Sasa ile familia baba José Arcadio, mtoto José Arcadio, mjukuu Arcadio, halafu Aureliano hao hawahesabiki, kuna kanali ana watoto wa kiume 17 na WOTE wanaitwa Aureliano 😂 ukipepesa macho kidogo hujui nani kafa nani kazaliwa. Nikanunua manila nikachora ukoo mzima nikabandika ukutani geto, mishale ya bluu ndoa, nyekundu waliokufa, kijani wale waliozaa na ndugu zao. Rumeti wangu anasoma hesabu, mtu wa kanisani sana, karudi usiku na tochi ya simu kwa vile umeme ulikatika, kaona ukuta una majina na mishale myekundu, hakuniambia kitu, asubuhi nakuta begi lake halipo. Nilikuja kusikia ameaga kwa mama mwenye nyumba kwamba kijana mle ndani anaroga ukoo wa watu.

Bibi Harusi wa Tukuyu
😂😂😂 nimecheka mpaka abiria wenzangu wamegeuka

Mzee wa Faili
Soyinka, yule Mnigeria, ndiye alitumaliza, tamthilia ya Death and the King's Horseman. Mfalme kafa, mpanda farasi wake Elesin naye anatakiwa afe amfuate, afisa wa Kiingereza anaingilia, mwisho mtoto aliyekuwa anasomea udaktari Uingereza ndo anakufa badala ya baba. Desa lililokuwa linazunguka steshenari lilisema dhamira kuu ni mgongano wa tamaduni. Darasa zima tukamwaga mgongano wa tamaduni kurasa na kurasa. Kumbe Soyinka mwenyewe mwanzoni mwa kitabu, kwenye maelezo yake kabla tamthilia haijaanza, anawakataza watu kuisoma hivyo, kwake Mzungu pale ni kichocheo tu, jambo lenyewe ni la Elesin na daraja la kuvukia upande wa pili, kwa waliokufa. Lekchara kaja na lile rundo la karatasi, akasoma hayo maelezo kwa sauti polepole, akafunga kitabu akatoka. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, zilimiminika kama mvua ya Tukuyu. Kwahiyo Fundi Mwanjelwa na ushauri wako wa kudesa shika adabu.

Fundi Mwanjelwa
Mlidesa vibaya. Desa linachaguliwa.

Mjukuu wa Kalenga
Mimi nakumbuka Afterlives ya Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar. Ile miaka baada ya yeye kupata Nobel, Oktoba 2021, ghafla kila kosi ikawa Gurnah, kabla ya hapo hata jina walikuwa hawalitaji. Mwanzo mwanzo wa kitabu kuna habari ya Wajerumani walivyotuvamia, akafika walivyokata kichwa cha Mkwawa, chifu wetu Wahehe, kikapelekwa Ujerumani. Wenzangu wa Dar na Mwanza wanaandika nukuu, mimi mate hayapiti. Nikanyoosha mkono nikasema madam hicho kichwa kipo kilomita chache kutoka hapa, kwenye kabati la kioo makumbusho ya Kalenga, kilirudishwa 1954. Nusu ya darasa hawakuamini. Jumamosi tukachanga nauli tukaenda Kalenga, wale wabishi walikaa mbele ya kile kioo hakuna aliyetoa simu apige picha. Mpaka leo nikisikia fasihi ya dunia najua dunia ni hapo tu ukivuka Ipogolo.

Mchambuzi Huru
Sio kuvuka Ipogolo boss, Kalenga ni upande mwingine kabisa. Na hilo fuvu kuna watafiti wana mashaka kama ndo lenyewe. Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alilichagua Bremen, Ujerumani, kwa kupima vipimo kati ya mafuvu kibao.

Mjukuu wa Kalenga
Ipogolo nimeongea kwa kunogesha acha uchokozi. Na wewe ni mtafiti? Mkataba wa Versailles 1919 uliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu la Mkwawa, kuna kifungu kabisa, hao wakubwa wa dunia walikaa mezani wakaandika kwa ajili ya kitu cha mashaka?

Mchambuzi Huru
Kifungu hakithibitishi fuvu. Ndo maana mnafeli.

Mjukuu wa Kalenga
Nilipata A.

Bibi Harusi wa Tukuyu
Mpo kwenye mada ya kichwa na hamna vichwa. Turudi kwa yule binti.

Dada wa Kihesa
Ngoja na mimi nitoe langu maana limenijia lote. Tulikuwa na Paradise, ile ya Gurnah ya 1994 iliyofika fainali za Booker. Maktaba kopi moja, ipo rizevu, unasoma humo humo ndani na masaa yanahesabiwa, na foleni ni darasa zima. Mimi nikavizia jioni watu wakienda kula. Nikajibanza kona ya nyuma kule kwenye majarida ya kilimo ambako haendi mtu, nikazama. Umeme ukakata, nikawasha tochi ya simu nikaendelea, wale wahudumu nadhani wakaona giza wakajua hamna mtu, nasikia geti la nondo kwaaa, kufuli. Nimekimbia napiga kelele wameshaondoka. Simu ikazima. Mwezi wa saba, Iringa, nina kisweta cha mtumba na kandambili.

Baadae akapita mlinzi na tochi, mzee wa watu, kwanza alinimulika na panga juu, "wewe ni mtu?" Nikamwambia shikamoo babu ni mwanafunzi nimefungiwa. Funguo anaondoka nayo mkutubi na anakaa mbali, simu yake haipatikani. Basi mzee akaleta jiko lake la mkaa akaliegesha karibu na zile nondo, akanipitishia blanketi, akaniambia usilale binti baridi hii itakuchukua, ongea. Niongee nini? Nikaanza kumsimulia kitabu. Kuna mtoto anaitwa Yusuf ana miaka 12, kwao kuna tajiri anakuja wanamuita Ami Aziz, akija anampa hela kidogo. Siku moja wanamwambia panda treni na ami yako. Kumbe si ami wala nini, baba anadaiwa, mtoto amewekwa rehani.

Mzee akanyamaza. Akakoroga mkaa. Akaniambia mdogo wake wa mwisho alichukuliwa Makete na mama mmoja waliyekuwa wanamuita shangazi, anaenda kusomeshwa Dar, wazazi wakaachiwa bati za kuezekea. Hakusomeshwa. Alilea watoto wa watu mpaka akazeeka huko huko. "Zile bati bado zipo," akaniambia, "zimeshika kutu lakini zipo." Mimi darasani tulikuwa tunasema ukoloni ukoloni, misafara ya pwani, hakuna aliyesema habari za hausigeli na wote tulikuwa tunatoka vijiji ambavyo mabinti wanachukuliwa. Nikaiweka kwenye insha yangu. Lekchara akaizungushia kalamu nyekundu akaandika "Chanzo?"

Kaka wa Uyole
Duh. Dada umetuharibia siku.

Mchambuzi Huru
Chai hii, stori ya kutunga. Maktaba gani wanafunga bila kukagua?

Dada wa Kihesa
Yenye wahudumu wanaowahi daladala. Usiniamini, silipwi.

Mzee wa Faili
Mwache dada. Binti asome Peponi, ndo hiyo Paradise kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, ataelewa kila kitu kisha arudi kwenye Kiingereza.

Fundi Mwanjelwa
Mtihani ni Kiingereza, akisoma Kiswahili ataandika nini? Asome mukhtasari wa mtandaoni, dakika kumi kamaliza. Na kwanza huyo Gurnah ni Muingereza, alikimbia Zanzibar kijana, kafundisha chuo cha Kent huko Uingereza miaka mingi. Tuzo ya Waingereza hiyo.

Bibi Harusi wa Tukuyu
Alikimbia au mlimkimbiza? Vitabu vyake vingi vinatuongelea sisi. Ukisikia Mtanzania kashinda mbio hata akiwa na pasi ya Qatar unabandika bendera.

Mzee wa Faili
Tuzo zenyewe msizipe uzito hivyo. Nobel imeanza 1901, Tolstoy yule Mrusi alikuwa hai hadi 1910, hakupewa. Achebe hakupewa hiyo Nobel. Ngũgĩ kila Oktoba tulikuwa tunasubiri, kafariki 2025 mikono mitupu. Binti aulize kwanini huyu yupo kwenye orodha na yule hayupo, lekchara mzuri atafurahi.

Fundi Mwanjelwa
Lekchara mbaya atamdisko, afukuzwe chuo.

Mtani wa Njombe
Nashukuru wote, nimemtumia kila kitu isipokuwa ya Fundi. Anauliza, dada wa Kihesa yule mzee ulimmalizia hadithi?

Dada wa Kihesa
Nilimfuata lindoni baada ya mtihani. Nikamwambia mwisho Wajerumani wanapita kukusanya vijana, Yusuf amejificha, wakishaondoka anatoka na kukimbilia ule msafara wa askari. Mzee alikasirika kuliko mtu yeyote darasani. "Yaani katoka kwa tajiri kaenda kwa Mdachi? Nyumbani je?" Akaniuliza huyo mwandishi anaishi wapi amtumie ujumbe.

Mchambuzi Huru
Chai lakini imekolea. Nani ana Beloved ya Toni Morrison softi kopi?

Kaka wa Uyole
Ninayo, ila haina ukurasa wa mwisho.